Transista Sita na Funda Moja la Maji

S.L.P. 67,
Wundanyi.
Jumapili, 24 Agosti 1986.

Mpendwa Dada Tryphena,

Barua hii naiandika nikiwa nimeketi juu ya kinu jikoni, karatasi iko magotini, na natumaini itakukuta mzima wewe na shemeji Alexander, pamoja na Wakio mdogo ambaye picha yake Mama ameilaza ndani ya Biblia, kwenye Zaburi, ati asipigwe na baridi ya huko. Je, kifua chako kimepoa? Ulisema hospitali ilikupa zamu za usiku mwezi mzima. Pole sana. Kazi ya kuuguza wengine isije ikakulaza wewe.

Sisi huku tunaendelea. Mama anakula, anasema, anagomba. Ni ile nyonga tu, tangu aanguke kwenye njia ya chemchemi haijamsamehe. Anatembea na fimbo ya Baba, na akiona mtu anamtazama anaificha nyuma ya leso.

Ukungu wa mwaka huu umetuchosha. Tangu Juni jua tunaliona kwa kuazima. Nguo hazikauki, maharagwe yanaota kuvu, na kanisani leo watu wamekohoa kuliko walivyoimba.

Sasa nije kwenye swali lako la Julai. Uliniuliza zile transista sita ulizozificha ndani ya soksi za Mama zilikwenda wapi, mbona naomba nyingine, kwani nazila? Uliuliza kwa mzaha, lakini nilikasirika, nikaitupa barua yako juu ya kabati wiki mbili. Nitakujibu leo. Ila jibu lenyewe lina mkia mrefu, basi kaa vizuri.

Kwanza ujue kwamba Nashon Khaemba amenitafutia nafasi Mombasa. Unamkumbuka, ni yule mzee aliyestaafu signali za reli, ambaye namsaidia kwenye kibanda chake cha redio pale Kaloleni, Voi, kila Jumanne na Ijumaa. Nafasi ni kwenye karakana ya kutengeneza redio za meli, huko bandarini. Wananitaka Jumatatu ijayo, tarehe moja Septemba, saa mbili asubuhi. Nisipofika, wanamchukua mwingine. Nina miaka thelathini, Dada. Umri wa kusubiriwa umenipita.

Na kinachonifunga hapa unakijua. Ni maji. Kutoka chemchemi hadi mlango wa jikoni ni hatua mia mbili na kumi, zote za kupanda. Asubuhi madebe mawili, jioni mawili, na ng'ombe naye anadai lake. Mama hawezi tena. Tulimweka binti wa jirani, akakaa miezi miwili akaolewa. Habari ya kumshusha Mama Voi ndiyo usiseme kabisa: anauliza atalalaje mahali pasipo na baridi, na kaburi la Baba litafagiliwa na nani? Basi mimi, mwanamume mzima, nimekuwa mchota maji wa huku Mgange. Wanawake wa njia ile wamenizoea hata wananisimulia makosa ya waume zao. Subira huvuta heri, wanasema. Yangu imevuta debe.

Ndiyo sababu ya pampu. Wewe huiita mchezo wa Silvanus, na kweli ilianza kama mchezo. Yule Mzungu aliyekuwa akihesabu ndovu kule Tsavo aliponiachia paneli zake mbili za jua, kwa vile nilimtengenezea redio mara nyingi, nilizitundika ukutani nikawa nazitazama tu. Halafu nikapata mota ya waipa ya lori. Nashon akanichongea pampu ya bomba la shaba na washa ya ngozi. Nikaanza kuota. Kama maji yanaweza kupanda yenyewe, nilisema, basi na mimi naweza kushuka.

Nashukuru kwa ule ukurasa wa gazeti ulionitumia, wenye picha ya kisanduku cha kuendeshea mota kilichokwisha kutengenezwa, ukasema utaninunulia. Lakini kile ni cha mota inayotumia betri, na betri mimi siitaki. Betri inataka kuongezwa maji, inataka kuangaliwa, ina asidi. Nitamwachia Mama asidi? Nilitaka kitu ambacho jua likitoka kinaamka chenyewe, jua likijificha kinalala chenyewe, na hakimwiti mtu.

Shida ya jua bila betri ni kwamba mota ina uroho inapoanza. Inataka umeme mwingi kwa mara moja, na paneli asubuhi ina kidogo. Mota ikidai, paneli inaishiwa, na mota inabaki inanguruma pale pale bila kuzunguka, inapata moto. Nilijaribu relei, zile swichi za sumaku, ambazo Nashon alitoka nazo kazini. Zikawa ta-ta-ta-ta mchana kutwa, kama karani wa korti anayepiga taipu, mpaka ncha zake zikagandana. Nikajaribu kupunguza umeme kwa waya wa pasi kuukuu. Waya ukawa mwekundu, maji yakabaki chini.

Ndipo nikachagua transista. Wewe ni nesi, utaelewa: ni kama bomba lisilo na mkono. Umeme kidogo unalifungua, na umeme mwingi unapita. Ukilifungua na kulifunga mara mia kadhaa kwa sekunde moja, mota inalishwa kijiko kijiko, inaanza polepole, na paneli haiishiwi. Halafu kuna kiskrubu kimoja, kidogo kuliko punje ya mtama, kinachoamua jua la kiasi gani linatosha kuanzia. Ukikizungusha kushoto, mota inaanza na jua dogo. Ukizidisha, inadai mapema mno, na transista inaungua. Ukikizungusha kulia, inangojea jua kali. Ukizidisha, inakaa tu siku nzima kama mgeni asiyekaribishwa. Kikumbuke hicho kiskrubu.

Basi, transista zako. Ya kwanza niliiunga kinyume kwa haraka ya furaha, ikafa kabla chai haijapoa. Ya pili Nashon aliichukua bila kuniuliza, akaitia kwenye kipaza sauti cha kanisa moja pale Kaloleni, na mpaka leo inahubiri.

Ya tatu na ya nne niliziua mimi kwa ujinga ambao mtu wa milimani hakupaswa kuufanya. Nilikipima kile kiskrubu Voi! Nilikuwa na meza pale, mita ya Nashon, na jua la Voi linalokausha mate mdomoni. Paneli nikaziegemeza ukutani. Nikazungusha, nikasikiliza, nikazungusha, mpaka mota ikaimba. Nashon akacheza, mkewe Ajiambo akatuletea uji. Nikapandisha kila kitu Mgange kwa basi, nikakiunganisha pale chemchemi, nikamwita Mama aje aone. Ukungu ukashuka. Paneli zikapata mwanga wa maziwa tu, mota ikanguruma, nikasikia harufu. Mama akasema, "Imeiva?"

Wiki iliyofuata nikarudia ujinga ule ule, maana nilidhani kosa ni la transista. Nikapima tena Voi, nikapanda tena, ikaungua tena. Nilizaliwa ndani ya ukungu huu, nimevaa sweta ya shule ndani yake, halafu nikapima mota ya hapa kwa jua la kule! Nashon alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimwomba aje tupime pamoja huku juu, akakataa. Mzee aliyezaliwa Bungoma anasema baridi ya Mgange itamwingia kwenye meno.

Ya tano ni mjusi. Alilala juu ya waya mbili. Sitaki kumzungumzia.

Ikabaki moja. Nilipokuandikia kuomba nyingine nilikuwa na hiyo ya sita mkononi, na nilikuwa naiogopa. Tangu tarehe nne mwezi huu nimepiga magoti kwenye matope ya chemchemi kila asubuhi na bisibisi ya fundi wa saa, nikizungusha kile kiskrubu robo ya robo, nangoja ukungu upite, nazungusha tena. Wanawake wakija kuchota walinong'onezana juu yangu. Mmoja aliuliza kama ni sala.

Jumatano iliyopita, saa tatu na nusu, ukungu ulikuwa mwembamba, na mota ikaanza yenyewe. Mimi sikuwepo! Nilikuwa zizini. Nilisikia tu kwap, kwap, kwap kutoka bondeni, nikadhani ni mtu anatwanga. Nilipofika jikoni maji yalikuwa yanaingia kwenye pipa. Wingu likija, pampu inanyamaza. Wingu likiondoka, kwap. Hivyo hivyo mpaka saa kumi, pipa likafurika, maji yakapita chini ya mlango, na Mama akasimama katikati yake na fimbo yake, miguu imelowa, akatazama.

Akasema, "Basi. Sasa nenda."

Dada, hayo ndiyo maneno niliyoyangoja miaka kumi na mmoja. Tangu ulipoondoka kwenda Ulaya kusomea unesi mwaka wa sabini na tano, ukaniambia pale stesheni ya Voi, "Miaka mitatu tu, Silva, halafu zamu yako." Nilipaswa kufurahi. Nilipaswa kuruka. Badala yake nililala macho wazi, na Alhamisi asubuhi, kabla Mama hajaamka, nilishuka na ile bisibisi, nikakizungusha kiskrubu kulia. Mzunguko mzima.

Usiniulize kwa nini, nitakwambia mwenyewe. Niliogopa. Miaka yote hii nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa na jina lako. Watu wakiniuliza mbona hukwenda chuo cha ufundi, mbona huna mke, jibu lilikuwa tayari: dada yangu hajarudi. Jumatano jioni sababu ikaisha. Nikajiona nimesimama kwenye karakana ya watu, mzee wa miaka thelathini katikati ya vijana wenye vyeti, na sina wa kumlaumu. Jela yangu niliijua kila kona, Dada. Ya nje siijui.

Alhamisi jua lilitoka kali, la kwanza tangu Juni, kama kunikomoa. Pampu kimya. Mama akauliza, nikasema ni mawingu. Akaangalia juu, kisha akaniangalia mimi. Nikachukua debe nikateremka.

Ijumaa sikwenda Voi. Jua tena, kimya tena. Mama akaniita uani. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, na kikombe cha bati kimejaa maji, kimewekwa chini mbele yake.

"Kosa si la jua," akasema. "Hiyo ni hasira. Tasa."

Nilicheka. Unamkumbuka Babu alivyokuwa akitasa mlangoni, anajaza mdomo maji ya muwa, anayatema puu, anataja kila aliyemuudhi, na kuiambia hasira itoke isije ikamuua mtu? Sisi tulijificha nyuma ya ghala tukimwigiza. Nikamwambia Mama sisi ni watu wa kanisa. Akanijibu kwamba kanisani pia huwa tunasema tunasamehe, ila hatutaji jina.

Basi nikapiga funda. Nikatema, nikasema: hasira yangu juu ya Tryphena, aliyeahidi miaka mitatu akakaa kumi na mmoja, itoke, imwache yeye na iniache mimi. Nilidhani nitasema kwa mzaha. Sauti ikanikatikia njiani, nikalia, nikamwambia na habari ya kiskrubu. Nikakwambia na wewe, ingawa hukuwepo.

Mama hakushangaa. Alichukua kikombe, akapiga funda lake, akatema. Halafu akasema, "Hasira yangu ni juu ya nafsi yangu. Mimi ndiye niliyemwambia asirudi."

Dada, wewe unayajua haya. Mimi ndiye nilikuwa siyajui. Kwamba mwaka wa sabini na nane, ulipoandika kwamba umemaliza na unakuja, alikwenda kwa Mwalimu Obadiah hapo jirani, akamwandikisha barua: baki huko, ukirudi utaolewa ng'ambo ya bonde na utabeba debe mpaka nyonga yako iwe kama yangu. Na kwamba mimi nisiambiwe. "Nilikuwa na watoto wawili," akasema. "Wote wawili nisingeweza kuwaachia. Mmoja nilimwachia, mmoja nikamshika. Nilikushika wewe kwa sababu ulikuwa karibu."

Nikakumbuka barua nilizokuandikia. Kwamba watu wa Ulaya mna saa mkononi lakini miaka hamjui kuihesabu. Kwamba soksi zako hazichoti maji. Wewe ukajibu kila mara kwa salamu, na picha, na transista. Miaka minane umemeza maneno yangu, kumbe ungenyamazisha kinywa changu kwa mstari mmoja tu. Nisamehe, Dada. Sijui neno lingine.

Lakini bado sijamaliza. Mama alinijazia kikombe tena, akaniletea mkononi. Akasema, "Sasa hasira yako juu yangu."

Nikapiga funda. Nikalishika. Nilitazama mkono wake kwenye fimbo ya Baba, nikatazama njia ya chemchemi, nikahesabu madebe, nikakumbuka na ile barua ya kuniita chuo cha ufundi, iliyoozea kwenye kabati. Maji yakapata joto mdomoni. Sikuweza kuyatema. Nikameza.

Mama aliona koo langu likishuka. Aliingia ndani akaanza kuchambua maharagwe.

Jana nilishuka, nikakirudisha kiskrubu mahali pake, nikakipaka rangi nyekundu ya baiskeli juu ili kisizungushwe tena na mtu yeyote, hasa mimi. Hata sasa ninapoandika naisikia, kwap, kwap. Pipa limefika nusu. Mwalimu Obadiah ameahidi kupita kila asubuhi kumtazama Mama, na pampu ikiharibika atamtafutia mtu wa kuchota. Ni deni lake, baada ya ile kalamu yake. Nashon ameniazima sanduku. Kila kitu kiko tayari, na mimi bado niko hapa jikoni nimekaa juu ya kinu. Mlango uko wazi, na miguu haitaki. Nina siku saba. Siwezi kwenda Mombasa na lile funda tumboni, na kila nikimtazama Mama linapanda mpaka hapa kooni na kushuka tena.

Tangu Ijumaa tunasemezana kwa adabu kama wageni. "Chumvi iko wapi?" "Iko pale." Anavuka uani taratibu, anachota maji ya pipa kwa kikombe kile kile, anayanywa yote, na hanitazami.

Sikuombi urudi. Sikuombi hata transista. Nilitaka tu ujue kwamba najua.

Msalimie sana shemeji Alexander, umwambie ile redio yake ndogo ailete nitaitengeneza bure. Mbusu Wakio. Susan wa mjomba anakusalimu, amejifungua mtoto wa kike. Mwalimu Obadiah anakusalimu pia, kwa aibu. Mama anakusalimu kila siku, hata siku asizotaja jina lako. Mungu akulinde kwenye zamu zako za usiku, akupe mwanga wa kutosha, hata kama ni kidogo kama wa huku.

Ni mimi mdogo wako, niliyekupenda hata nilipokukasirikia,

Silvanus Mwandawiro

Nyongeza, Jumatatu asubuhi. Bado sijaifunga bahasha. Leo nilipoamka nilimkuta Mama njiani, hatua kama thelathini kutoka jikoni, ameshika debe tupu, anashuka kuchota. Pipa limejaa pomoni nyuma yake! Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anataka kujua nimebeba nini miaka yote hii.

Nilimnyang'anya lile debe. Nikamshika mkono tukarudi, nikachukua kikombe, nikapiga funda pale pale penye pipa, na nikalitema kwa nguvu zangu zote, na jina lake nikalitaja. Alikuwa amesimama karibu mno. Yote yakamwishia usoni.

Akabaki amefumba macho, maji yanamtiririka kidevuni. Akauliza, "Hayo yote yalikuwa yangu?"

Nikamwambia, "Yote, Mama."

Akajifuta kwa leso, polepole, akaniambia niende nikafunge sanduku.